Miaka minne nje ya kazi: kilichonipata mimi, na kilichompata mume wangu

Nilipoacha kazi mwishoni mwa mwaka 2017 mshahara wangu ulikuwa shilingi 1,850,000 kabla ya makato. Niliporudi kazini 2021, kwa cheti kilekile na katika jiji lilelile la Dar es Salaam, nilisaini mkataba wa shilingi 1,100,000. Mume wangu naye aliacha kazi, mwaka 2022, kwa ajili ya familia kama mimi. Aliporudi alilipwa zaidi ya pale alipoachia. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nimewauliza wenzangu, nimesoma nilichoweza kusoma, na sasa nalieleza pamoja na fedha zake. Wanawake wengi ninaowafahamu wanaamua jambo hili ndani ya wiki moja ya uchovu, bila hesabu yoyote mkononi. Mimi ni mhasibu, na mimi pia niliamua hivyo.

Nilianza kazi 2011 kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, mjini Posta. Tuliingia kundi moja, wanaume na wanawake karibu sawa kwa idadi, na sote tulianza na shilingi 650,000. Kati yao alikuwemo kijana tuliyesoma naye darasa moja chuoni, na kwenye mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, tulikuwa tunasoma pamoja usiku. Mitihani ile ilikuwa inafanyika Mei na Novemba. Tukamaliza CPA, cheti cha mhasibu kamili, mwaka mmoja, 2014, na tukapanda cheo mwaka mmoja. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kipindi hicho. Mama yangu alikuja kutoka Iringa akakaa nami, nikamaliza likizo yangu ya siku 84, nikarudi. Hakuna kilichobadilika kwenye mshahara wala kwenye kazi nilizopangiwa. Kwa hiyo niliposhika mimba ya pili sikuwa na wasiwasi.

Wa pili alizaliwa Aprili 2017 akiwa na wiki 30 za mimba. Njiti. Alikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia tatu na kitu, na kwa wiki kadhaa nilikuwa Muhimbili nikimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia wanayoiita kangaruu. Ukimbeba mtoto wa namna ile, huhesabu siku za kalenda. Unahesabu gramu. Asubuhi muuguzi anampima, anasema ameongeza gramu 15, mnashangilia kina mama wote wodini. Kesho yake amepungua gramu 10, hakuna anayesema neno.

Kalenda ya mwajiri, hata hivyo, ilikuwa inatembea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Siku zangu zilianza kuhesabiwa nilipojifungua. Zilipokwisha mwezi Julai, mwanangu alikuwa na wiki 12 duniani, lakini kwa hesabu ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa alikuwa mtoto wa wiki 2. Nilikuwa narudi kazini nikiacha nyumbani mtoto mchanga kabisa, ambaye shingo bado na mapafu bado.

Mume wangu alipata siku zake 3, kama sheria inavyosema, na ni lazima zitumike ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Alizimalizia kwenye korido za hospitali. Mtoto alipotoka wodini, baba yake alikuwa amesharudi kiwandani muda mrefu.

Nataka wanaojifungua sasa wajue kwamba hili limebadilishwa. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanampa mama wa mtoto njiti nyongeza ya likizo kufidia wiki zilizobaki kufikia wiki 40 za mimba. Kwa hali yangu zingekuwa wiki 10. Ninaamini kwamba wiki hizo 10 zingenibakiza kazini. Baba wa mtoto njiti naye ameongezewa siku, kutoka 3 hadi 7. Ukiwa na mtoto njiti na afisa rasilimali watu akakuambia siku 84 zimekwisha, mwombe kwa upole asome sheria ilivyo sasa, na uombe jibu lake kwa maandishi.

Julai ile nilirudi. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sisi tunakaa Kimara. Kwenda na kurudi Posta, hata kwa mwendokasi, saa 2 zimekwisha barabarani. Tukakubaliana na meneja wangu niwe natoka saa 2 mapema badala yake. Mchana nilikuwa nakamulia maziwa kwenye chumba cha kuhifadhia mafaili, nimefunga mlango kwa kiti kwa sababu hakikuwa na ufunguo, halafu naiweka chupa kwenye friji ya ofisi, ndani ya mfuko mweusi ili isimkere mtu.

Meneja wangu alikuwa mtu mzuri, na alitaka kunisaidia. Alinitoa kwenye mteja mkubwa niliyekuwa nakagua hesabu zake kwa miaka mitatu, kwa sababu kazi ile ilihitaji kulala mikoani. Akanipa wateja wadogo wa hapahapa mjini. Nilimshukuru. Posho ya safari ikakatika, na kwa mkaguzi posho ni sehemu kubwa ya maisha. Tathmini ya mwaka ilipokuja, nilipewa alama nzuri kwenye kila kipengele isipokuwa kimoja, kilichohusu utayari wa kufanya kazi muda wowote. Yule mwenzangu niliyesoma naye alipandishwa kuwa meneja msaidizi mwezi huo. Kwa hiyo kabla sijaacha kazi, nilikuwa nimeshaanza kushuka. Naliweka hili wazi kwa sababu watu hudhani hasara inaanzia siku ya barua. Ilianzia kwenye ule msaada nilioupokea kwa shukrani. Mama aliye katika hali hiyo leo ningemwambia: kubali kazi nyepesi, ila iandikwe kwamba ni ya muda, itaisha tarehe fulani, na mteja wako mkubwa anakusubiri.

Mtoto alilazwa kwa nimonia mara mbili kabla mwaka haujaisha. Novemba orodha ya kazi za mwisho wa mwaka ikatoka. Wanaofanya ukaguzi wanajua Desemba 31 ni siku ya nini: unasimama ghalani na makaratasi yako ukihesabu magunia na makatoni ya mteja mpaka usiku, popote alipo. Jina langu lilipangwa Mwanza.

Tulikaa sebuleni mimi na mume wangu, tukahesabu. Yeye ni mhandisi wa mitambo, alikuwa analipwa 2,300,000. Mimi 1,850,000. Mmoja wetu akiacha, aache mwenye mshahara mdogo. Hesabu ilikuwa rahisi na tuliimaliza kwa muda mfupi. Tulilinganisha mishahara ya mwezi ule peke yake. Hatukuuliza kila mmoja wetu angekuwa analipwa kiasi gani baada ya miaka minne ya kubaki kazini, wala angepokelewa vipi akitoka na kurudi. Na ninaiona hesabu hiyohiyo ikifanywa karibu kila nyumba: mke ana mshahara mdogo, kwa hiyo anatoka yeye, akitoka, mshahara wake unazidi kuwa mdogo, tatizo jingine likitokea, anatoka tena yeye, na safari hii hakuna hata haja ya kujadili.

Niliandika barua, nikatoa notisi ya siku 28, nikatoka. Kuna mambo ya karatasi ambayo yana fedha ndani yake, nayo ni haya. Kwanza, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Barua yako ikisema umeacha kwa hiari, mlango huo unafungwa siku unayosaini. Kabla ya kuandika barua ya kuacha, andika barua ya kuomba likizo bila malipo, hata kama unajua watakataa. Miezi 6 bila malipo huku bado una namba ya utumishi ni jambo tofauti kabisa na miezi 6 bila kazi. Mimi sikuomba. Niliona aibu kuwaomba tena watu ambao walishanipa wateja wadogo.

Pili, cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria ukiondoka. Kichukue siku unayokabidhi ofisi, chenye cheo chako cha mwisho. Miaka minne baadaye meneja wako atakuwa amehama, na anayejibu simu hatakuwa anakujua.

Tatu, michango ya pensheni. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kila mwaka unaokaa nyumbani bila kuchangia unasogeza tarehe hiyo mbele, na mwili unazeeka palepale. NSSF inapokea wanachama wanaojiajiri wenyewe. Unaweza kuendelea kuchangia kidogokidogo, na nyumba yenye mshahara mmoja inatakiwa ione mchango wa anayelea kama matumizi ya nyumba, sawa na umeme. Kwetu hatukufanya hivyo. Tulilipa ada ya shule, tukalipa dawa, tukamalizia ukuta wa uani.

Miaka ile nyumbani siijutii. Mtoto aliimarika. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, na kila hatua yake niliiona kwa macho yangu. Ila kuna mchana unafika, umeshafua, umeshapika uji, mtoto amelala, simu inaita na mtu anauliza, "Upo tu nyumbani?" Neno lile "tu" lilikuwa linanikaa kifuani mpaka jioni. Nilianza kuomba fedha ya vocha. Mume wangu hakuwahi kuninyima, hakuwahi hata kuuliza ya nini, na bado nilikuwa naandaa maelezo kichwani kabla ya kuomba.

Mwaka 2018 jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniomba nimsaidie vitabu vyake. Baadaye akaja na rafiki yake wa Kariakoo. Walikuwa wananilipa shilingi 150,000 kila mmoja kwa mwezi, pale biashara ikiwa nzuri. Nilikuwa nafanya usiku, risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nimezitandaza kitandani kwa tarehe. Nilizichukulia zile kama fedha za maziwa. Kumbe zile kazi mbili ndizo zilizokuja kunipa kitu cha kuandika kwenye sivii yangu, na wale wazee wawili ndio waliokubali kupigiwa simu na waajiri. Ukiweza, usiache mkono wako uondoke kabisa kwenye kazi yako. Mteja mmoja anatosha. Na ada ya mwaka ya bodi yako ya taaluma ilipe hata kwa kukopa kwenye kikoba. Mimi nilirudi nikakuta malimbikizo, pamoja na saa za mafunzo endelevu ambazo sikuwa nazo.

2020 nilitaka kurudi, Corona ikaingia, hakuna aliyekuwa anaajiri. 2021 nikaanza kuomba kwa nguvu.

Usaili wa kwanza ulikuwa na mtihani wa kuandika. Swali la tatu lilihusu kampuni iliyopanga jengo kwa miaka mitano. Nilipoacha kazi, kodi ya pango la kawaida ilikuwa inaandikwa kama gharama ya mwaka na biashara imekwisha. Tangu Januari 2019 kuna IFRS 16, moja ya kanuni za kimataifa za kuandika hesabu: pango lile linatakiwa lionekane kwenye mizania, upande mmoja haki ya kutumia jengo kama mali, upande wa pili deni la kodi inayofuata. IFRS 9 na IFRS 15 nazo zilianza Januari 2018, wiki chache baada ya mimi kuondoka. Kwa maneno mengine, katika ile miaka niliyokaa nyumbani, vitabu vya mapato, vya mikopo na vya mapango vyote viliandikwa upya. Nilikuwa nimevisikia. Sikuwa nimewahi kuvifanya kwa mteja halisi. Pembeni yangu alikaa kijana aliyemaliza chuo mwaka uliopita. Aliijibu sehemu ile bila kuinua kichwa.

Fani hazifanani katika hili, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Kuna kazi ambazo ukiziacha miaka minne unazikuta karibu pale ulipoziacha, na kuna kazi ambazo zinakimbia. Ukaguzi wa hesabu unakimbia, programu za kompyuta zinakimbia zaidi. Wachumi wamekuwa wakijadili kwa miongo kadhaa kwamba wanawake wengi huelekea kwenye fani zisizoadhibu sana mtu aliyetoka na kurudi. Nilipolisoma hilo niliona mama zetu na shangazi zetu wakipita mbele yangu: ualimu, uuguzi, karani wa ofisi ya serikali. Tumezoea kusema wanawake "wanapenda" kazi hizo.

Kwenye usaili wa pili hakukuwa na mtihani. Kulikuwa na watu watatu mezani, na mmoja, mama wa makamo, akaniuliza mtoto ana umri gani, analelewa na nani, na kama nina mpango wa kuongeza mwingine. Nilijibu yote kwa tabasamu. Sheria hiyohiyo ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata mtu anayeomba kazi. Sikulijua hilo wakati ule, na hata ningelijua, mwenye njaa ya kazi hakai kwenye usaili akitaja vifungu. Leo nina jibu nililolifanyia mazoezi: "Malezi ya watoto wangu yamepangwa, na ratiba ya kazi hii nimeisoma na ninaimudu." Halafu nanyamaza, nawaacha waendelee na swali jingine.

Halafu likaja swali la mshahara. "Mara ya mwisho ulikuwa unalipwa kiasi gani?" Nikasema 1,850,000. Wakatazamana. "Hiyo ni ya zamani, dada. Kwa sasa wewe ni kama unaanza upya." Nilitoka pale nikiamini kwamba wako sahihi, na hili ndilo lililonigharimu kuliko yote. Kampuni moja ya ukaguzi ilikuwa tayari kunichukua kwa cheo cha chini ya nilichoachia, na safari zake zote za mikoani. Shule moja ya sekondari ya binafsi, barabara ya Bagamoyo, ilikuwa inatafuta mhasibu: unaingia saa 1 asubuhi, unatoka saa 10 jioni, likizo za wanafunzi unapumua. 1,100,000. Nilichagua shule. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitazama saa ya kutoka, nikamfikiria mtoto mwenye kifua, nikasaini.

Ukitazama kundi letu la 2011 sasa, karibu wanawake wote tuko shuleni, kwenye ofisi za dayosisi, kwenye mashirika madogo, kwenye SACCOS. Wanaume wengi wako benki, migodini, na palepale kwenye ukaguzi. Mwenzangu niliyesoma naye ni meneja mwandamizi na analipwa zaidi ya mara tatu yangu. Nampenda na ninafurahi kwa ajili yake. Amefanya kazi kwa bidii. Lakini kwenye mitihani nilikuwa namshinda.

Mwaka 2023 Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya wanawake kwenye soko la ajira. Niliposikia habari ile redioni nilianza kutafuta maandishi yake. Yeye na wenzake wawili, Marianne Bertrand na Lawrence Katz, walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara wa chuo kikuu cha Chicago. Wanaume na wanawake wale walianza kazi na mapato yanayokaribiana sana. Zaidi ya miaka kumi baadaye pengo lilikuwa kubwa, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kukatisha kazi na kupunguza saa, mambo yanayofungamana na watoto. Goldin anaeleza pia kwamba kuna kazi ambazo hulipa ziada kubwa kwa anayepatikana wakati wowote, usiku na wikiendi, kiasi kwamba anayefanya nusu ya saa hizo analipwa chini ya nusu. Nikakumbuka kile kipengele cha tathmini yangu. Huko Denmark, wanauchumi Kleven, Landais na Søgaard waliwafuatilia wazazi kwa miaka mingi: kabla ya mtoto wa kwanza mapato ya mwanamke na mwanamume yalikuwa yanakwenda pamoja, baada ya mtoto, ya mwanamke yalishuka, na hata baada ya miaka mingi yalibaki pungufu kwa karibu asilimia 20, wakati ya baba hayakutikisika. Denmark, nchi yenye vituo vya kulelea watoto kila mtaa. Nilisoma nikalia, kwa sababu kwa muda wote ule nilidhani ni mimi niliyezembea.

Sasa nieleze ya mume wangu.

Mwaka 2022 mama mkwe wangu, anayeishi Machame, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Baada ya kutoka hospitali ya KCMC alihitaji mtu wa kumfanyisha mazoezi kila siku na kumpeleka kliniki. Ukoo ukakaa kikao. Baba mkubwa alizungumza vizuri sana, kwa heshima, na akafika mahali akasema, "Mkwe wetu yupo, ana moyo, na kazi yake ya shule si ngumu kuombewa ruhusa." Wote wakanigeukia. Nilishafungua mdomo kukubali. Mume wangu akasema, "Baba, yeye alishatoka kwa ajili ya mtoto wetu, na bado hajainuka. Safari hii ninatoka mimi." Kukawa kimya. Mtu mmoja akauliza mwanaume atamwogeshaje mama yake. Wifi yangu aliyeolewa jirani akajibu kwamba kuogesha ataogesha yeye asubuhi na jioni, yanayobaki kaka anayaweza. Ikapita, ingawa si kwa furaha.

Aliomba likizo bila malipo. Alipewa miezi mitatu, akaomba iongezwe, ikakataliwa, akaacha kazi. Tuliishi kwa mshahara wangu, 1,250,000 wakati huo, watoto wawili. Tuliuza gari letu, IST, na fedha yake ikatuvusha. Watoto waliona baba ameondoka, wakawa wagumu. Yule mdogo aliugua tena na nilikuwa peke yangu. Mama alianza kutembea na fimbo mwisho wa 2023, na mume wangu akarudi Dar kutafuta kazi.

Kwenye usaili hawakumuuliza habari za watoto hata mara moja, wala atasafirije. Walimuuliza kama alifukuzwa. Walimuuliza kama ana kesi. Aliposema alikuwa anamuuguza mama yake, mjumbe mmoja akamuuliza, "Huna dada?" Kampuni mbili hazikumpigia tena. Ya tatu ilitaka cheti cha utumishi, akakitoa, wakapiga simu kiwandani, wakathibitisha kwamba aliacha mwenyewe. Baada ya hapo lile pengo halikutajwa tena. Wakamuuliza anataka kiasi gani. Akasema 2,600,000. Wakampa 2,450,000.

Nilipomuuliza alipata wapi ujasiri wa kutaja kiasi kikubwa kuliko alichoachia, alishangaa. Alisema bei zimepanda, na ujuzi wake ni uleule. Hilo tu. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye usaili nikiwa tayari nimejipunguzia. Hata hivyo nisingependa mtu asome hapa akaona wanaume wana raha. Mume wangu aliumia kwa kudhaniwa mwizi au mlevi kwa sababu ya kumtunza mama yake, na nadhani woga wa kudhaniwa hivyo ndio unaowafanya wanaume wengi wasithubutu hata kuomba ile likizo ya siku 3. Mwanamke akitoka anaeleweka haraka na analipwa kidogo. Mwanaume akitoka haeleweki, ila akishaeleweka anarudishiwa nafasi yake. Mpaka wote wawili waulizwe maswali yaleyale na walipwe kwa ujuzi uleule, kila nyumba itaendelea kumtoa mwanamke, na itakuwa na hesabu za kuthibitisha kwamba imefanya sawa.

Na hili linaanza mapema kuliko mtoto. Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita na anataka uhandisi wa mitambo ya meli, Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Nyumbani kwao wanamwambia achukue famasi, kwa sababu baharini atazaa lini. Ana miaka 19. Hana mchumba, na tayari anachaguliwa fani kwa kuangalia likizo ya uzazi ya mtoto asiyekuwepo. Nimekaa na kaka yangu na wifi, nimewaeleza kwa takwimu zangu mwenyewe: mimi nilichagua fani niliyoipenda, nikatoka, nikaumia, na bado CPA ile ndiyo iliyotulisha mwaka ambao baba wa nyumba hakuwa na mshahara. Hawajakubali bado. Fomu zinafungwa hivi karibuni na nitarudi tena Jumapili.

Kwa upande wangu, tangu 2023 nahudhuria semina za bodi, najilipia. Nimeikalia IFRS 16 mpaka naweza kuifundisha. 2024 nilimwandikia mkurugenzi wa shule kuomba nyongeza, nikaambatanisha majukumu yangu yaliyoongezeka na viwango vya mishahara vya nafasi kama yangu nilivyokusanya kwa kuwauliza wenzangu moja kwa moja, jambo ambalo sisi wanawake tunaona haya kulifanya. Wenzangu wa kiume walinitajia kwa urahisi tu. Nikapandishwa hadi 1,500,000, na mwaka 2025 hadi 1,700,000. Bado sijafika nilipokuwa 2017, na 1,850,000 ya 2017 ilikuwa inanunua vitu vingi kuliko sasa.

Nimeomba nafasi ya mkaguzi wa ndani kwenye taasisi moja ya fedha. Mdogo sasa yuko darasa la tatu na kifua kimetulia, na baba yake amebadilisha zamu ili awe nyumbani jioni tatu kwa wiki. Kwenye sivii, miaka ile nimeiandika bila kuificha: 2017 hadi 2021, malezi ya mtoto njiti, pamoja na kutunza vitabu vya wafanyabiashara wawili. Kwenye kisanduku cha mshahara wa mwisho nimeandika ukweli. Kwenye kisanduku cha mshahara ninaoomba sikuanzia hapo. Nimeandika 3,200,000, kwa sababu ndicho kiwango wanacholipwa wenye cheti changu kwenye nafasi hiyo.